Nicholas Culpeper, Mtengeneza Dawa Asiyekaa Mbele ya Watahini



Muhula uliopita mwalimu wetu alitupa kazi ya kuandika juu ya hisba, yaani ule usimamizi wa masoko uliokuwa mikononi mwa muhtasib. Wenzangu wengi walichagua mizani na vipimo vya nafaka. Mimi nilivutwa na wauza dawa. Al-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa muhtasib huko Sham katika karne ya 12, anaeleza jinsi wachuuzi walivyoghushi afyuni kwa kuichanganya na utomvu wa mimea mingine, na jinsi ya kuwagundua. Anataka watu wa dawa na wapika sharubati wakaguliwe mara kwa mara, kwa sababu mnunuzi hana njia ya kujua anachouziwa. Anayeuziwa maziwa yenye maji atayaonja. Anayeuziwa dawa ya uongo atajua akiwa amekwisha kulala chini.

Nikataka kujua mambo yalikuwaje kwingine. Mtengeneza dawa wa Ulaya alijifunza wapi, na nani alimtahini? Kutafuta huko kulinifikisha London ya karne ya 17, na huko nikakutana na mtu ambaye hajatoka kichwani mwangu hadi leo. Insha ya hisba niliimaliza kwa taabu, na alama nilizopata sizisemi hapa.

Mtu huyo ni Nicholas Culpeper. Waingereza wanaopenda mitishamba wanalijua jina lake, maana kitabu chake cha mimea ya dawa kimekuwa kikichapwa tena na tena tangu 1652. Jambo lililonishika mimi ni jingine. Mtu huyu, aliyewafundisha dawa watu wengi kuliko mtengeneza dawa yeyote wa zama zake, hakufaulu mtihani wa kazi hiyo. Wala hakufeli. Hakuufanya.

Alizaliwa Oktoba 1616, kusini mwa Uingereza, akiwa yatima tayari. Baba yake, kasisi wa kanisa la kijiji, alikuwa amefariki siku chache tu kabla. Mama akarudi naye kwa babu mzaa mama, William Attersoll, ambaye naye alikuwa kasisi huko Isfield, katika jimbo la Sussex. Babu huyu alikuwa mwanachuoni mkali, mwandishi wa vitabu vinene vya kufasiri Biblia, na alimtaka mjukuu wake afuate njia hiyo hiyo. Akamfundisha Kilatini na Kigiriki angali mdogo. Kilatini kile babu alikitia kichwani mwa mtoto kwa ajili ya mimbari. Kilikuja kutumika pengine kabisa.

Mnamo 1632 kijana akapelekwa Cambridge. Hakumaliza. Wasifu wake wa mwanzo unasimulia kwamba alipendana na binti wa familia tajiri, wakapanga kutoroka na kuoana kwa siri, na binti akapigwa na radi njiani, akafa kabla hawajakutana. Kisa hiki kimepambwa mno na waandishi wa baadaye, nami sina haja ya kukirefusha. Lililo wazi ni kwamba aliacha chuo, babu akakasirika na kumkatia urithi, na mwaka 1634, akiwa na miaka 18 hivi, kijana aliyelelewa awe mhubiri akapelekwa London kuwa mwanagenzi katika duka la dawa.

Hapa naomba nimwache kidogo, nieleze kazi yenyewe, maana bila hivyo hatutaelewa alichokuja kukifanya.

Mpaka mwanzoni mwa karne hiyo watengeneza dawa wa London walikuwa ndani ya chama kimoja na wauza viungo. Aliyeuza pilipili na sukari na aliyechanganya dawa ya homa walihesabiwa watu wa kundi moja. Desemba 1617 Mfalme James wa Kwanza akawatenga kwa hati ya kifalme, wakawa na Chama chao cha Watengeneza Dawa. Hati hiyo iliweka masharti. Asiruhusiwe mtu kufungua duka la dawa London na kando yake mpaka awe ametumikia uanagenzi wa miaka saba chini ya bwana aliye mwanachama, na mpaka awe amekaa mbele ya viongozi wa Chama, pamoja na mwakilishi wa Baraza la Matabibu, akatahiniwa.

Miaka saba! Sisi tunalalamika kwa mitatu. Mwanagenzi aliishi nyumbani kwa bwana wake, akala mezani kwake, na kwa mkataba hakuruhusiwa kuoa, kucheza kamari wala kushinda vilabuni. Hakulipwa. Kinyume chake, jamaa zake ndio waliotoa fedha ili apokewe. Kwa Culpeper zilitolewa pauni 50, ambazo kibarua wa siku hizo angezichuma kwa miaka kadhaa. Na kabla ya kufungwa mkataba kijana alipimwa Kilatini chake, kwa sababu tabibu aliandika maagizo yake kwa Kilatini, na kitabu cha dawa kilikuwa cha Kilatini. Asiyesoma lugha hiyo angemuua mtu.

Kazi ilianza na kinu. Mwanagenzi alitwanga mizizi, magome na mbegu, akachekecha, akapima kwa mizani ndogo, akachochea masufuria ya shira yasiungue, akaviringisha vidonge, akakoroga marhamu, akafagia, akapeleka chupa majumbani kwa wagonjwa. Kwa miaka hiyo alitakiwa ajue kwa macho, kwa pua na kwa ulimi mamia ya vitu vikavu vilivyofanana. Mzizi ukishakauka na kukatwakatwa haukuambii jina lake. Na wapo waliouza mzizi mmoja kwa jina la mwingine, kama wale wa afyuni waliomchosha al-Shayzari.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni matembezi. Kuanzia 1620 Chama kilikuwa kikiwatoa wanagenzi nje ya mji nyakati za majira ya mimea, asubuhi na mapema, wakiongozwa na mjuzi mmoja, wakatembea mashambani na vichakani wakisimama mbele ya kila mmea. Huu unaitwaje? Huu je? Unatofautianaje na ule wa jana? Huko ndiko walikojifunza mmea ukiwa hai, ili wautambue ukiwa umekufa ndani ya gunia.

Mmoja wa viongozi wa matembezi hayo alikuwa Thomas Johnson, naye ni mfano mzuri wa mtu aliyepita njia nzima. Aliingia uanagenzi 1620, akatoka huru 1628, akafungua duka lake katika mtaa wa Snow Hill. Mwaka 1633 alitengeneza upya kitabu kikubwa cha mimea cha Gerard, akasahihisha makosa mengi. Mwaka huo huo alitundika dukani kwake mkungu wa ndizi uliotoka visiwa vya Bermuda, na watu wa London wakaja kuushangaa, kwa kuwa wengi wao hawakuwahi kuona ndizi maishani. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktabani. Sisi wa Burundi, ambao ndizi tunaila, tunaikaanga, tunaipika na maharage na kuifunika uani iive, tungekuwa mashekhe wa mji ule.

Na mtihani wenyewe? Hati ya mfalme inautaja kwa mpangilio unaoeleweka: mtahiniwa aulizwe juu ya kuzijua na kuzichagua dawa za asili, kisha juu ya kuzitayarisha, kuzishika, kuzichanganya na kuziunga. Kwa maneno ya kawaida, aliwekewa vitu mezani avitaje na aseme kipi kizima na kipi kimeoza, akapewa maagizo ya Kilatini ayasome, na akaeleza hatua kwa hatua namna ya kutengeneza. Ulikuwa mtihani wa mdomo na wa mikono. Chama kilikuwa na jumba lake eneo la Blackfriars tangu 1632, na humo ndimo shughuli zake zilimofanyika. Lakini angalia nani amekaa mle ndani: pembeni ya mabwana wa dawa yupo tabibu wa Baraza. Yeye hatwangi wala hachekechi. Yupo kuhakikisha kwamba mtengeneza dawa anabaki mtengeneza dawa, anachanganya alichoagizwa, hampimi mgonjwa wala hamwandikii.

Basi Culpeper aliingia mlango huo. Bwana wake wa kwanza, Simon White, alikuwa na duka karibu na Temple Bar. Muda si mrefu biashara ikaanguka, White akatoweka, na zile pauni 50 zikaenda naye. Mwanagenzi akahamishiwa kwa Francis Drake, mtaa wa Threadneedle. Hapa pana jambo la ajabu kidogo: bwana huyu alimkubali, na mwanagenzi akawa anamfundisha Kilatini. Fikiria hali hiyo, ndugu msomaji. Mwenye duka hajui vizuri lugha ambayo kazi yake yote imeandikwa, na anafunzwa na kijana anayemfagilia sakafu. Nadhani hapo ndipo Culpeper alipoona kwa mara ya kwanza kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na watu waliouhitaji walikuwa wengi.

Drake akafariki 1639. Mwaka uliofuata Culpeper alimwoa Alice Field, msichana wa miaka 15 aliyekuwa na urithi mzuri. Mwanagenzi haoi. Kwa kuoa alivunja mkataba, na miaka ile yote ya kutwanga ikabaki bila hati. Hakuna cheti cha nusu ya uanagenzi. Wengine wanamhesabu kuwa mtoro, wengine kuwa mtu aliyechoshwa na mabwana wanaofilisika na kufa. Mimi naona vyote viwili vinaweza kuwa kweli. Alikuwa na miaka 23 au 24, alikuwa na mke mwenye mali, na hakuwa na subira. Nawajua vijana wa namna hiyo hapa hapa chuoni.

Kwa fedha za Alice alijenga nyumba Spitalfields, nje ya kuta za Jiji, mahali pa watu maskini, akaanza kuwaona wagonjwa. Inasimuliwa kwamba asubuhi moja aliweza kuwaona 40, na kwamba wengi hawakumlipa kitu. Aliendelea pia kushirikiana na Samuel Leadbetter, mwenzake wa duka la Drake, ambaye yeye alimaliza na kuwa mwanachama halali. Viongozi wa Chama hawakulivumilia hilo. Katika miaka ya 1640 walimwita Leadbetter na kumwamuru amwondoe Culpeper dukani. Kwa sheria walikuwa na haki. Katika miaka hiyo hiyo alishtakiwa pia kwa uchawi, mashtaka ambayo siku hizo yangeweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi, akaachiwa.

Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge. Culpeper alikuwa upande wa Bunge, na mwaka 1643 alijeruhiwa kwa risasi, jeraha ambalo hakupona nalo sawasawa maisha yake yote. Thomas Johnson, yule wa ndizi, alikuwa upande wa mfalme. Alikufa 1644 kwa jeraha la vita alilolipata kwenye ulinzi wa ngome ya Basing House. Sijui kwa nini wawili hawa wananihuzunisha pamoja. Mmoja alikuwa na hati, mwingine hana, wote walijua mimea, na vita haikuwauliza.

Sasa tufike kwenye kitabu. Mwaka 1618 Baraza la Matabibu lilitoa kitabu rasmi cha dawa, na mfalme akaamuru watengeneza dawa wote wa Uingereza wakifuate hicho tu. Kilikuwa cha Kilatini mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa kitabu cha mtahiniwa: mwenye kukijua alifaulu, asiyekijua hakufaulu.

Mwanafunzi wa Kiarabu akikifungua atajisikia nusu yupo nyumbani. Mwanachuoni wa Baghdad wanayemwita Mesue, yaani Ibn Masawayh, ametegemewa sana humo, au tuseme vitabu vilivyoandikwa kwa jina lake. Ibn Sina yumo. Zimo dawa nzito za kulamba zilizoitwa lohoch, nalo si neno la Kilatini hata kidogo, ni la'uq ya Kiarabu iliyochakaa njiani. Syrupus ya Kilatini na sharubati yetu ni watoto wa sharab moja. Ipo tiriyaki, ile dawa kuu ya sumu yenye viambato zaidi ya 60, pamoja na nyama ya nyoka. Na yapo mambo ya kushtua: mapafu ya mbweha, minyoo, vumbi la maiti za kale za Misri, pembe ya mnyama ambaye hakuwahi kuwapo duniani. Mwanagenzi alihifadhi vyote hivi na kuvijibia mtihani. Mtihani mzuri unaweza kumpima mtu vizuri sana juu ya jambo la upuuzi, ila hilo halikuwa la watahini kulikagua.

Kitabu hicho kilikuwa na kasoro nyingine ambayo Culpeper aliiona. Kilitaja viambato, vipimo na namna ya kutengeneza, lakini hakikusema dawa yenyewe ni ya ugonjwa gani. Hilo lilibaki kichwani mwa tabibu. Mtengeneza dawa angeweza kuichanganya maisha yake yote bila kuandikiwa popote inatibu nini, na mgonjwa ndiye asiyejua kabisa.

Mwaka 1649, miezi michache baada ya mfalme kukatwa kichwa, wakati nguvu za wakaguzi wa vitabu zilikuwa zimelegea, Culpeper alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza. Chini ya dawa moja baada ya nyingine aliongeza inatibu nini na itumiwe vipi, na mahali alipoona upuuzi hakuficha dharau yake. Baraza likafanya nini? Halikuweza kufanya mengi. Gazeti moja la wafuasi wa mfalme lilimshambulia kwa matusi, likamwita mlevi na asiyemcha Mungu. Baraza lilipotoa toleo jipya la Kilatini mwaka 1650, yeye akalitafsiri na hilo.

Hapa inabidi niseme jambo la nyumbani kwetu Buyenzi. Miaka michache iliyopita bibi yangu alipewa chupa mbili ndogo kwenye duka moja la dawa hapa Bujumbura, moja ya jicho na moja ya sikio. Aliyempa alizungumza haraka, foleni ilikuwa ndefu, na karatasi zote mbili zilikuwa za Kifaransa. Bibi anasoma Qur'ani na anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa na baba yake, lakini Kifaransa hakukaa darasani kukisoma. Usiku akatia jichoni dawa ya sikio. Alisema jicho liliwaka kana kwamba limepakwa pilipili. Tukamwosha kwa maji mengi, jirani mmoja mwalimu akaitwa atusomee, na alhamdulillah halikuharibika. Lakini asubuhi bibi alikuwa anajilaumu mwenyewe, anasema yeye ni mjinga. Maneno hayo ndiyo yaliyoniuma. Mwanamke aliyehifadhi juzuu kadhaa anajiita mjinga kwa sababu ya karatasi yenye ukubwa wa kiganja.

Kwa hiyo nilipomsoma Culpeper sikuwa msomaji asiye na upande. Na kwa sababu hiyo hiyo nilijilazimisha kuwasikiliza wapinzani wake.

Walikuwa na hoja. Duka la dawa la zama zile lilikuwa na zebaki, afyuni na dawa za kuharisha zenye nguvu ya kuua. Chama kilipoingia madukani kukagua kilikuta dawa zilizooza na za kughushi, na sheria iliruhusu ziteketezwe. Mwanagenzi aliyepitia miaka saba amekosea mara nyingi mbele ya bwana wake, akasahihishwa kabla mtu hajafa. Msomaji wa kitabu cha Culpeper alikosea peke yake jikoni, na hapakuwa na wa kumshika mkono. Culpeper mwenyewe aliliona hilo, maana kwenye dawa kali aliweka maonyo kwamba asiyejua asiziguse. Tena tusisahau kwamba ile elimu aliyoigawa aliipata palepale kwenye mfumo aliokuja kuupiga mateke: Kilatini cha babu, kinu cha White, rafu za Drake. Mtu asiyetwanga miaka ile yote asingeweza kukitafsiri kitabu kile, maana angekwama kwenye majina ya mizizi.

Jambo jingine ninaloachana naye ni unajimu. Culpeper aliamini kila mmea uko chini ya sayari fulani, na ugonjwa hutibiwa kwa kutazama nyota. Siku hizo matabibu wengi wenye hati waliamini hivyo pia, kwa hiyo si kosa la kukosa mtihani. Lakini anayekisoma leo atenganishe, na sisi tuna sababu zetu zaidi za kutenganisha.

Hata hivyo, nikipima pande zote, naegemea kwake. Watabibu wa Baraza hawakufika mia katika mji wa watu zaidi ya laki tatu, na ada yao ilikuwa nje ya uwezo wa kibarua. Wengi wasingewaona kamwe. Mtihani wa Blackfriars ulimkinga mgonjwa anayeweza kulipa. Mgonjwa wa Spitalfields haukumkinga na chochote, kwa kuwa hakuwa na njia ya kuufikia mlango uliokuwa ukilindwa. Kama lengo lingekuwa kumlinda yeye, mtu mmoja mle ndani angefikiri kumwandikia karatasi anayoweza kuisoma.

Mwaka 1652 alitoa kile kitabu chake mashuhuri cha mimea, akakiuza kwa peni tatu. Hakikuwa cha tiriyaki wala vitu vya ng'ambo. Kilikuwa cha mimea inayoota Uingereza, kwenye mitaro na nyuma ya nyumba, kwa majina ambayo watu wa kijiji waliyatumia. Yale matembezi ya asubuhi ya wanagenzi, ukiyafikiria, ndiyo aliyoyaweka ndani ya karatasi. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kitabu kwa ajili ya wakunga. Hicho aliandika kwa uchungu wa mtu mwenye kuhusika: yeye na Alice walipata watoto saba, akabaki mmoja tu, binti, Mary.

Alifanya haya yote akiwa mgonjwa. Jeraha la vita, kazi isiyopumzika, tumbaku aliyoivuta kupita kiasi, na hatimaye kifua kikuu. Alifariki Januari 1654, na miaka yake ilikuwa 37. Dawa zote zile alizijua kwa lugha mbili, na hakukuwa na hata moja ya ugonjwa wake.

Baada yake mambo yalikwenda polepole. Jumba la Blackfriars liliungua katika moto mkubwa wa 1666, likajengwa upya. Mwaka 1704 Bunge la Malodi liliamua kesi ya mtengeneza dawa aitwaye William Rose, na kuanzia hapo watu wa kazi hiyo wakaruhusiwa kumshauri mgonjwa na kumpa dawa bila kungoja amri ya tabibu. Culpeper alikuwa akifanya hivyo Spitalfields miaka 60 kabla. Mtihani wenyewe haukufutwa, uliongezwa nguvu: sheria ya 1815 ilitaka uanagenzi wa miaka mitano na leseni kwa nchi nzima ya Uingereza na Wales. Kitabu chake kimoja kilichapwa Boston mwaka 1708, wakati Marekani ilikuwa bado koloni.

Alizikwa katika makaburi ya umma yaliyokuwa karibu na hospitali ya Bethlem, mahali walipozikwa maskini na wasio na parokia. Leo eneo hilo liko karibu na kituo cha treni cha Liverpool Street. Mwaka 2015, walipokuwa wakichimba njia mpya ya reli, wanaakiolojia walitoa hapo mifupa ya watu wapatao 3,000, mingi sana haina majina.